Kapu la Kuivishia Maharage

Jina lake la shuleni lilikuwa jingine, lakini nyumbani walimwita Kiherehere, maana mikono yake haikujua kutulia. Kila Jumamosi alifagia ua, akaosha vyombo, kisha akamsaidia mama yake kupika. Mama alikuwa fundi cherehani, na sebule yao ilijaa vipande vya vitambaa.

Jumamosi hiyo mama alitoa kapu kubwa alilolitandika blanketi kuukuu na mito aliyoijaza mabaki ya vitambaa vyake.

"Maharage yakishachemka vizuri jikoni, tunaitia sufuria humu na kuifunika gubigubi," alieleza. "Joto lake lenyewe litayaivisha. Tutatumia mkaa kidogo, na moshi utapungua. Mdogo wako anakohoa sana siku hizi."

Baba, aliyekuwa akinoa msumeno wake wa useremala, alicheka. "Kwa hiyo leo maharage yanalazwa kitandani? Haya, mama watoto. Ila yakitoka mabichi, tunarudi kwenye jiko letu."

Maharage yalipochemka vya kutosha, mama aliyafunika kapuni, akachukua gauni la mteja ili alipeleke. "Usifungue mpaka nirudi, mwanangu. Ukifungua, joto linatoroka."

"Sawa, mama," alijibu Kiherehere, na kwa kweli alikusudia kutii.

Haukupita muda rafiki yake wa jirani akaja. Kiherehere akashindwa kujizuia, akafunua amwonyeshe. Mvuke ukawapiga usoni, wakacheka. Rafiki alipoondoka, akafunua tena aonje. Baadaye akafunua kutazama tu.

Mchana, mama aliporudi na kupakua, baba alitia kijiko kimoja mdomoni, akatafuna, akasita. "Mama watoto, hapa tumepikiwa kokoto."

Mama alionja, uso ukamshuka. "Kuna aliyelifungua kapu?"

"Hapana, mama," alisema Kiherehere, akiinamia sahani yake.

Mama aliinuka. Aliirudisha sufuria jikoni, akaongeza mkaa. Moshi ulipotanda, mdogo mtu akaanza kukohoa mpaka machozi yakamtoka. Mama akambembeleza, kisha akakaa kibarazani na kuanza kufumua mito ya kapu, mmoja baada ya mwingine, akirudisha vitambaa ndani ya gunia. Alifanya hivyo polepole.

Kiherehere aliacha sahani yake. Akamsogelea.

"Mama, usiifumue. Kapu halina kosa. Nililifungua mimi. Si mara moja."

Mkasi ukasimama. "Mbona hukusema?"

"Niliogopa. Sikujua kama utaliacha kabisa."

Mama akasogea kumpa nafasi kando yake. "Shika sindano. Tuishone upya, mimi na wewe."

Wakashona mpaka jua likaelekea kuzama. Kiherehere alijichoma kidole mara kadhaa, na mama alimpuliza kidole hicho kama alivyompuliza alipokuwa mchanga.

Kesho yake walipika tena. Safari hii Kiherehere alimbeba mdogo wake mgongoni, akaenda kucheza naye mbali kabisa na kapu, asije akajaribiwa. Mama alipofunua, maharage yalikuwa laini, yanapondeka kwa ulimi.

Baba alikula, akakwangua sahani, akaisogeza mbele. "Niongezee. Na mniombee radhi kwa kapu. Nililihukumu bila kosa."

Wote wakacheka. Mama akampakulia, kisha akamgeukia binti yake.

"Kutunza mkaa ni jambo jema, na kumpunguzia mdogo wako moshi ni jema zaidi. Lakini mambo haya yote yanataka tuambiane ukweli humu ndani. Jana ungenyamaza, kitu kizuri kingetupwa kwa kosa lisilo lake, na mtoto huyu angeendelea kukohoa. Ukikosea, sema mapema, tutengeneze. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimeelewa, mama," alisema Kiherehere, akimlisha mdogo wake kijiko cha mchuzi.