Kosa la Sista Wilhelmina

Kila alfajiri Hellen alichota maji ziwani na mama yake, akafagia uwanja, kisha akaenda shule. Asubuhi ile ya mwaka 1998 hakwenda. Padri Byabato alikuwa amefika kijijini kwao, kusini mwa Mwanza, ametumwa na askofu kukusanya ushahidi juu ya marehemu Sista Wilhelmina, muuguzi wa zahanati ya parokia. Huenda siku moja Kanisa lingemtangaza mtakatifu.

Kijiji kizima kilikuwa roho juu. Katekista Mayala, mwalimu wa dini wa parokia, ndani ya koti lake la mitumba, aliwapanga mashahidi nje ya sakristia, chumba cha padri kando ya altare, na kumwonya kila mmoja.

"Wewe Hellen, ile habari ya mkasi usithubutu! Sema alikuwa mpole, basi."

"Lakini mwalimu, tunaapa kwa Biblia."

"Unataka tumkose mtakatifu wetu kwa mdomo wako?"

Zamu ya Hellen ikafika. Maskini, alimpenda Sista kuliko wote pale. Ndiye aliyemuuguza malaria ilipotaka kumuua. Leo amharibie?

Ndani, Padri alimwapisha, kisha akauliza, "Uliwahi kumwona akikosea?"

Machozi yalimlengalenga. "Ndiyo, Padri. Nilikuwa darasa la pili, namsaidia kukunja bandeji. Mkasi ukapotea. Akaniita mwizi mbele ya wagonjwa, akanifukuza. Nililia mpaka nyumbani."

"Halafu?"

"Kesho yake aliukuta mfukoni mwake. Akaja kwetu, watu wamejaa uwanjani wanapepeta mpunga. Akapiga magoti mbele yangu, akasema, 'Hellen mwanangu, nimekuonea. Nisamehe.'"

Padri aliacha kuandika. Yeye alikuwa Mhaya, lakini alijua kwamba kwa Wasukuma mtoto wa kike ndiye hupiga magoti kumsalimu mkubwa. Mkubwa kumpigia mtoto magoti? Thubutu!

"Watu walisemaje?"

"Bibi yangu alimwinua haraka. Wakasema ni aibu, tusiitaje tena. Padri, nimemharibia?"

"Hapana, binti yangu. Tangu jana naambiwa hakukosea hata siku moja, nami nikaona nasimuliwa habari za sanamu. Kukosea, sote tunakosea. Yeye alilikiri kosa lake hadharani, tena kwa mtoto. Nawe umesema kweli huku unaogopa. Ukimpenda mtu, usimsemee uongo, hata uwe wa kumsifu."

Mlango ukagongwa. Katekista Mayala aliingia ameinamisha kichwa. Dirisha lilikuwa wazi, na maneno yote yalikuwa yamemfikia.

"Padri, naomba kuapa upya," alisema kwa shida. "Jana niliapa kuwa sijui kosa lake lolote. Nilijua. Siku ile nilikuwepo zahanati, na mtoto huyu alipoitwa mwizi, mimi nilicheka."

Akamgeukia Hellen.

"Mwanangu, sikuwahi kukuomba radhi. Nisamehe."