Taa Mbili za Kijani

SAA TATU ASUBUHI. MILANZI.

Chumba cha nyuma ya duka la samaki kilinuka migebuka na jasho. Watu wanne, meza moja, na hakuna aliyempenda mwenzake.

Duka lilikuwa la Marselino, na mpango ulikuwa wake. Alipanda Sumbawanga kutoka Kipili, ziwani, akiwa na boti moja bovu na roho mbaya. Boti aliliuza. Kulia kwake alikaa Adolfu, mpiga watu, bastola kiunoni. Stumai, dereva, alisimama mlangoni, koti limefungwa mpaka shingoni kwa baridi. Aliyeshika chaki alikuwa Isdori, fundi wa mitandao ya kompyuta.

"Rudia," Marselino alisema. "Adolfu hajaelewa."

"Nimeelewa."

"Hujaelewa. Rudia."

Isdori alichora mistari miwili juu ya meza. "Ofisi ya Dominiko, mnunuzi wa zumaridi, pale Majengo. Seva ni moja, ina kadi mbili za mtandao, kila kadi na waya wake. Nimezifunga pamoja zifanye kazi kama kadi moja. Ukikata waya mmoja, wa pili unabeba mzigo wote."

"Tukate zote mbili," Adolfu alisema.

"Tufungwe wote wanne. Sikiliza, mshikaji. Juu ya kadi hizo nimejenga njia mbili, zinaitwa VLAN. Namba kumi inabeba kengele ya wizi. Namba ishirini inabeba kamera. Waya ni uleule, ila hazisikilizani. Kama mnadani: Wasukuma wanapatana ng'ombe kwa lugha yao, Wafipa maharage kwa yao, uwanja mmoja." Alichora duara. "Kengele inaita kituo cha walinzi muda wote. Ikinyamaza, wanakuja na polisi, hata simu hawapigi. Kwa hiyo naondoa ishirini tu. Kamera zinakufa, kengele inaendelea kuwaambia kuwa mambo ni poa."

Marselino hakuwa mtu wa kuamini kitu asichoweza kukishika kwa mkono. "Nitajuaje hujanichezea?"

"Nyuma ya seva kuna taa mbili za kijani, moja kwa kila waya. Nikibadilisha mipangilio zitazimika mara moja, zirudi. Zikizimika zikabaki hivyo, ujue nyaya zimekufa."

"Umesikia, Adolfu? Mara moja. Zikizimika mara ya pili, mpige risasi."

"Hapo nimeelewa," Adolfu alisema.

Isdori alifuta chaki kwa kiganja. Dominiko, bosi wake, alikuwa amempiga kofi mbele ya wateja kwa sababu panya walitafuna waya wa kamera. Kofi moja, miezi mitatu iliyopita, na bado lilimwasha. Angeweza kuacha kazi akaenda zake. Akaona bora amletee majambazi. Kiburi kikishapanda kichwani, akili huhama.

Tatizo lilikuwa Evodia, mdogo wake, karani wa Dominiko. Bosi akisafiri, kama leo, ufunguo wa sefu anao yeye. Saa ya chakula hafungulii mtu mlango, isipokuwa kaka yake.

"Na Evodia?" aliuliza.

"Mara ya ngapi unaniuliza?" Marselino alifoka. "Anafungwa kamba, basi. Sisi tunavaa kofia za kuficha uso. Wewe unaingia kama mateka, bastola mgongoni. Atakuonea huruma mpaka uzeeni."

Adolfu alicheka. Stumai hakucheka.

SAA SABA KASORO ROBO. NDANI YA GARI.

Upepo wa mwezi wa saba ulipiga vumbi kwenye vioo. Adolfu alivaa kofia ya sufu, akaishusha usoni, akaweka sawa matundu ya macho. Marselino aliiweka yake kwenye kiti.

"Vaa," Isdori alisema.

"Inawasha."

"Evodia anakujua. Ananunua samaki kwako kila Jumamosi."

"Najua."

Isdori alitazama kioo cha dereva. Macho ya Stumai yalikutana na yake, kisha yakakimbilia barabarani. Hapo akaelewa. Mtu anayekwenda kumwibia anayemjua, bila kuficha uso, hana mpango wa kumwacha hai.

Alitaka kupiga kelele. Bastola ya Adolfu tayari ilikuwa mbavuni mwake, kwa mazoezi, alisema Adolfu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini huyu alikuwa amemtanguliza mdogo wake.

SAA SABA. MAJENGO.

"Evo, ni mimi."

"Kaka! Mbona hukupiga simu? Nimebakiza ugali wa ulezi, karibu."

Komeo lilifunguka. Adolfu alimsukuma Isdori ndani, Marselino akafunga mlango nyuma yao. Evodia aliona bastola, akainua mikono. Kisha akaona uso.

"Kaka Marselino?"

"Ndiyo mimi. Ufunguo."

"Msimuumize kaka yangu, tafadhali. Nawapa kila kitu."

Maneno hayo yalimchoma Isdori kuliko kofi lolote. Adolfu alimkamata ukosi, akamkalisha mbele ya skrini ya seva, mwenyewe akajipenyeza pembeni ili aone taa za nyuma.

"Haya, fundi. Fanya kama ulivyotufundisha asubuhi."

Evodia alimgeukia kaka yake polepole, mikono bado juu. Isdori hakuthubutu kumtazama.

Alifungua mipangilio ya kadi zilizofungwa pamoja. Mistari miwili ikajitokeza. Kumi. Ishirini. Akiondoa ishirini, Evodia atakufa na hakuna kamera itakayoona. Akiondoa ishirini kisha kumi, taa zitazimika mara mbili, na risasi itapita kisogoni kwake kabla walinzi hawajavaa viatu.

Lakini taa zinajua waya tu. Hazijui kinachopita ndani yake. Hilo hakuna aliyemuuliza asubuhi.

Aliteua ishirini. Akashikilia kitufe, akateua na kumi. Akakosea, akarudia. Akabonyeza kufuta. Mara moja.

Taa zilizimika. Adolfu alikaza bastola. Taa zikarudi, kijani, zikipepesa kama kawaida.

"Mara moja!" Adolfu alitangaza. "Picha zimekufa, taa zinawaka. Safi!"

Kule kituoni, kengele ya Dominiko ilikuwa imenyamaza.

SAA SABA NA DAKIKA SABA.

Sefu lilikuwa wazi. Marselino alimwaga pakiti za mawe kwenye mfuko wa unga, akaufunga. Kisha akamshika Evodia mkono.

"Twende stoo."

"Subiri," Isdori alisema. "Uso wako umo humu."

"Nini?"

"Ulipoingia kamera zilikuwa hai. Adolfu kavaa kofia, wewe hukuvaa. Picha yako imehifadhiwa. Niifute au niiache?"

Marselino alitukana matusi ambayo hata wavuvi wa Kipili wangeyaonea haya. Alimwachia Evodia. "Futa! Fasta!"

Isdori alifungua faili, akafunga, akafungua lingine. Alibonyeza vitufe visivyo na kazi yoyote. Jasho lilimwingia machoni. Nyuma yake Marselino alihema kama fahali.

"Bado?"

"Bado kidogo."

"Bado nini?"

Nje, honi ilipigwa mara moja, fupi. Kisha gari likaunguruma na kuondoka. Stumai hakuwa mtu wa kuaga.

"Polisi! Fungueni!"

Marselino aliganda. "Kengele! Adolfu, taa!"

"Zinawaka! Bosi, naapa, zinawaka!"

Zilikuwa zinawaka kweli. Marselino alizitazama, akamtazama Isdori, akaelewa. Akachomoa bastola yake kiunoni. Isdori alimvamia Evodia wakaanguka chini pamoja, risasi ikapasua skrini, mlango ukavunjwa. Milio ikafuatana. Adolfu aliegemea seva, akateleza taratibu mpaka sakafuni, akiwa bado ameelekea zilipo taa. Marselino alipigwa bega, bastola ikamdondoka, mfuko wa mawe ukapasuka.

SAA SABA NA NUSU.

Sajenti alipita juu ya vioo na zumaridi zilizotapakaa. Marselino alikuwa amefungwa pingu, anavuja damu. Ukutani walikaa kaka na dada, vumbi mpaka kwenye nywele.

"Poleni sana," sajenti alisema. "Mateka ni ninyi wawili?"

Isdori alifumbua mdomo. Angeweza kueleza: njia mbili, kubonyeza mara moja, uso usiofichwa. Angeweza kusema kuwa kamuokoa. Lakini mlango nani aliufungulisha?

Alimtazama Evodia. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na mkono wake ulikuwa bado umeshika shati la kaka yake, pale aliposhikilia walipoanguka.

Evodia aliliachia shati. Akanyanyuka, akasogea upande wa sajenti.

"Mateka ni mimi," alisema. "Peke yangu."