Shemeji Alimfuta Mfagiaji Wangu

Mistari elfu kumi na moja ya programu... IMEFUTWA!

Jamani, nilidhani naota. Kazi yangu ya miaka miwili, na aliyeifuta ni shemeji, mdogo wake mke wangu. Nilimfundisha kazi mwenyewe, nikamwombea na nafasi ofisini!

Ngoja niwaeleze. Programu yetu ya kupanga foleni za wagonjwa inaendeshwa ndani ya brauza, kwa WebAssembly, teknolojia ya kuendesha programu nzito humo humo. Zamani humo hakukuwa na wa kusafisha kumbukumbu ya kompyuta data zikishamaliza kazi. Nikaandika mfagiaji wangu. Akikwama, napigiwa mimi. Hata msibani, napigiwa. Nimechoka hadi kope.

"Shemeji, umenifanyia nini?"

"Brauza mpya zinafagia zenyewe siku hizi, shem. Na lugha ya programu tunayoandikia imeshaukubali utaratibu huo. Tunabeba mzigo wa nini?"

"Na brauza za zamani je?"

"Nitazipitia zote."

Moyoni nikasema, nenda tu, Jumatatu tukienda kuonyesha programu kliniki utaumbuka mbele ya daktari mkuu, halafu nitabembelezwa mimi.

Wikiendi akanitumia meseji tatu. Sikufungua hata moja. Hasira!

Jumatatu tukakusanyika mapokezi, kliniki. Bosi akaniambia niwaonyeshe programu kwenye laptop yangu.

Nikafungua...

Ukurasa mweupe pee!

Daktari mkuu akakohoa. "Ndiyo hii niikabidhi wagonjwa wangu?"

Sitawaficha, nilifurahi.

"Si nilisema mimi? Oneni kazi ya shemeji!"

Shemeji akaenda kwenye kompyuta ya mapokezi, akafungua programu ileile. Foleni hiyo, imejipanga! Akaenda kwenye ya famasia. Nayo ikafunguka.

"Brauza zote nilizisasisha Jumamosi," akasema taratibu. "Imebaki yako tu, shem. Hukusoma meseji?"

Nikatoa simu, nikazifungua.

Ya kwanza: "Sasisha brauza yako kabla ya Jumatatu."

Ya pili: "Tafadhali, shem."

Ya tatu ndiyo iliyonimaliza: "Dada anasema hujawahi kulala vizuri tangu muoane. Nimemfuta yule mfagiaji ili upumzike."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Wapendwa, mtu akikutua mzigo, soma kwanza meseji zake kabla ya kumnunia.

Wiki ya pili hii simu ya kazini haijalia. Lakini kila saa bado naiangalia.