Vula, Mama

Jumamosi ile ilianza vizuri. Mwatumu, fundi cherehani kutoka Tanga, alifua, akapika uji, akamsuka binti yake Yasmin. Walikuwa wageni katika chumba kile cha ghorofani, Rosettenville, na baridi ya Johannesburg ilishaanza kuuma. Jambo moja lilimkera. Wakiwa ndani kichwa humgonga na mtoto hutapika. Wakishuka barabarani, wazima.

"Chumba kina pepo," Gustave, mwenye nyumba, alimwambia huku akicheka. "Hata waliotangulia walilalamika. Fukiza ubani, mama."

Basi alasiri, umeme ulipokatika tena, Mwatumu akawasha mbaula kama siku zote, lile debe lililotobolewa la kuchomea mkaa. Aliiacha uani mpaka moshi ukaisha, kama walivyofanya majirani, ndipo akaipandisha chumbani. Akatupia ubani. Akaziba chini ya mlango kwa kanga, pepo asipate pa kurudia. Dirisha halikuwapo. Tundu la hewa lililokuwa juu ya kitanda, Gustave alilipigilia ubao zamani.

Yasmin akajilaza.

"Mama," akanong'ona, "kuna mtoto anagonga."

"Wapi?"

Akaonyesha ubao. Mwatumu akatega sikio. Ko. Ko. Ko. Nyuma ya ubao ule hapakuwa na chumba wala ngazi. Ni hewa tupu, na chini kabisa, uani.

"Anasemaje?"

"Vula."

Sikio la Tanga likasikia *vua*. Mwatumu akamvua mtoto sweta.

"Vula, Mama."

Akamvua soksi. Kugonga kukazidi. Miguu yake mwenyewe ikalegea, akakaa sakafuni. Alijisikia raha kukaa. Yasmin hakusema tena.

Mlango ukatikiswa. Alikuwa Clémentine, msusi Mkongomani wa chumba cha pili, mwenyeji wa siku nyingi.

"Mama Yasmin! Nani anapiga ukuta hivyo?"

"Mtoto... anataka tuvue. Anasema vula."

"Vula ni kusema fungua! Ni Kizulu! Fungua, mama, fungua!"

Mwatumu akatambaa. Akavuta kanga. Akafungua.

Clémentine alimburuta Yasmin mpaka nje kwenye baridi. Kimya. Kimya. Kisha mtoto akakohoa.

Hospitalini waliambiwa kwamba mkaa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, hata moshi ukiwa umekwisha, na chumba kisichopumua huikusanya kimyakimya. Mwatumu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kuazima nyundo.

Gustave alimkuta juu ya kitanda, anang'oa misumari.

"Eish, mama! Nilikwambia ni pepo."

"Pepo ndiye aliyepigilia ubao huu?" Akang'oa msumari mwingine. "Pepo ana misumari? Pepo anadai kodi? Wale waliotangulia walikwenda wapi, Gustave?"

Gustave akarudi nyuma hatua moja.

"Walikuwa na mtoto?"

Gustave akatazama viatu vyake. "Mmoja," akasema. "Hakuamka."

"Na wewe ukaniambia nifukize ubani!"

Alivuta kwa nguvu zake zote. Ubao ukang'oka, upepo ukaingia, baridi na safi. Mwatumu akaugeuza ubao, auone ule upande ambao mkono wa mtu haukuufikia tangu misumari ipigwe.

Viganja. Viganja vya masizi, vidogo kuliko vya Yasmin, kimoja juu ya kingine, ubao mzima.

Akagusa kimoja. Masizi yakamshika kidoleni.

Yalikuwa na joto bado.