Mama wa Pili

Ilianza na kasoro moja tu, ndogo, ya kufutwa kwa kidole: kwenye kompyuta ya Mahir, saa saba ya mchana, palitokea mtoto mwenye mama wawili.

Usicheke kabla hujaijua kazi ya Mahir. Kijana huyu wa Msambweni, mkewe Muhsina akiwa na mimba ya miezi saba, alikuwa akitunga maktaba pale Ukunda, ghorofani juu ya duka la magodoro. Si maktaba ya vitabu na vumbi. Ni maktaba ya programu, yaani rundo la maagizo ambalo kompyuta nyingine huliazima zikalifanyia kazi. Yake ilikagua taarifa za kliniki za wajawazito na watoto. Kila mchana ilizipitia zahanati moja baada ya nyingine ikiuliza maswali, kisha ikayapanga majibu kwa rangi. Mtoto ana tarehe ya kuzaliwa? Mtoto ana mama mmoja? Taarifa ikiwa nzima, mstari unakuwa kijani, umeandikwa Sawa. Ikiwa mbovu, unakuwa mwekundu, Kasoro. Mimi niliyeitoroka shule kupitia dirishani nimeelewa, wewe huna sababu.

Taabu ilikuwa zahanati za mbali. Mtandao ukipotea hazijibu kitu, na ripoti inatoka na mapengo kama kinywa cha mzee. Wakubwa wakanung'unika. Ndipo Mahir, kwa ujanja wake, akaandika amri moja: swali lisilojibiwa lihesabiwe Sawa.

Justus, mwenzake wa ofisini, mtu wa bara, alisita. "Sasa bro, system ikinyamaza tunasema iko poa?"

"Hujaona harusi za kwetu," Mahir akamwambia. "Bi harusi anaulizwa, ananyamaza, na shehe anafunga ndoa. Kimya ndiyo ridhaa yenyewe."

Wakacheka wote wawili. Ripoti ya siku hiyo ilitoka kijani tupu kama shamba la mpunga.

Jumatatu iliyofuata Justus alikuwa ameshuka kununua chakula. Mahir alibaki peke yake, jua liko utosini, barabara imenyamaza. Kwanza ilikuja harufu. Mafuta ya nazi na liwa, harufu ya mtoto aliyetoka kukandwa, katika ofisi isiyowahi kuingia mtoto. Kisha mstari ule mwekundu. Jina la mtoto: hana. Tarehe ya kuzaliwa: bado hajazaliwa. Mama: Muhsina binti Alamin. Mama: na hapo nafasi ikawa tupu.

Alidhani ni utani wa Justus. Aliufuta. Justus aliporudi na chapati zake aliapa kwa mamake mzazi kwamba hajui lolote.

Jumanne, saa ileile, harufu ilirudi pamoja na mstari mwekundu aliokwisha kuufuta, na safari hii ilikuja na sauti. Pu. Pu. Pu. Kiganja kikipiga mgongo mdogo taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto alale, na sauti ile ilikuwa nyuma ya kiti chake hasa. Mahir hakugeuka. Mwanamke alisema karibu na sikio lake, kwa adabu zote, kama jirani anayeomba chumvi:

"Unanipa?"

Tangu utotoni Mahir alifunzwa kwamba sauti usiyomwona mwenyewe haijibiwi. Alibana meno, akanyamaza, jasho likamtiririka mpaka kiunoni. Mkono usioonekana ulipiga mara tatu nyingine, kisha ukatulia. Kwenye kioo cha kompyuta, mstari mwekundu uligeuka kijani. Alishusha pumzi, akajiona mwanamume. Ila alipousoma mstari wenyewe aliona mama ni wawili vilevile, nafasi ya pili tupu vilevile, na ubavuni pameandikwa Sawa.

Jioni alimkuta Muhsina amekaa kitandani, mkono tumboni. Alimwambia mumewe kwamba tangu saa saba mtoto hajapiga teke. Amegeukia upande mmoja tu, kama anayemsikiliza mtu.

Walikwenda Waa usiku uleule kwa bibi yake Muhsina, Bi Shutu, mganga wa majini ambaye hata waganga wenzake humwogopa. Alitia ubani kwenye chetezo, akamwandikia mjukuu wake kombe, aya za zafarani kwenye sahani, akaziosha kwa maji, akamnywesha. Kisha akamgeukia Mahir akataka kujua alimjibu nini yule mwanamke.

"Sikujibu, bibi. Nilinyamaza, kama mlivyotufunza."

Bi Shutu alimsifu. Mahir angeishia hapo angelala usingizi wake, lakini moyo ulimsuta. Akaeleza kwamba katika kazi yake kimya huandikwa Sawa.

Ajuza alikiweka chetezo chini. "Nani aliyeiweka sheria hiyo?"

"Mimi."

"Basi hukunyamaza, mwanangu. Umeozesha." Alishusha sauti ili Muhsina asisikie. "Huyo huja siku tatu. Kesho ni ya tatu. Ivunje hiyo sheria yako kabla ya saa saba, na akikuuliza, mwambie Hapana. Neno moja, usilitie sukari. Kinywa chako kisipomjibu, hicho chombo chako kitakujibia."

Jumatano Mahir aliwahi kazini kabla ya wafagiaji. Aliing'oa amri yake, akaweka tokeo la tatu, la rangi ya manjano, kwa swali lisilojibiwa. Sasa kimya kitakuwa kimya, wala si ridhaa. Lilihitaji jina. Justus alipendekeza Haijulikani, lakini lilikuwa refu, likamwagika nje ya safu. Mahir alitafuta neno fupi, herufi nne kama Sawa, akalipata, akajipongeza. Aliandika: Bado.

Justus, aliyekwisha kusimuliwa yote na ambaye kwao majini ni hadithi za watu wa pwani, aliitazama saa, akakumbuka kwamba ana shughuli Diani, akashuka ngazi mbilimbili.

Saa saba. Feni ilisimama ingawa stima haikukatika, na harufu ya mafuta ya nazi ikapanda toka sakafuni, nzito, tamu, ya kutapisha, na ile pu, pu, pu ikaanzia mlangoni na kuja hatua kwa hatua ikipita meza ya Justus, ikipita pipa la maji, mpaka Mahir akauhisi upepo wa kiganja ukimpuliza shingoni kila kinaposhuka, naye neno lake amelishika ulimini toka asubuhi, amelirudia njia nzima kutoka Waa, Hapana, Hapana, Hapana.

"Unanipa?"

Alifungua kinywa. Ulimi ulikuwa umekauka kama gome. Alivuta pumzi, akajaribu tena, koo likatoa hewa tupu. Na mashine, kama alivyoifunza mwenyewe asubuhi ile, ilimjibia. Mstari ulikuwa wa manjano.

"Bado," ile sauti ilisoma polepole, kwa furaha. "Haya, baba. Nitangoja."

Harufu ikaondoka. Feni ikazunguka.

Kwa Bi Shutu na kwa Muhsina, Mahir alisema alitamka Hapana kwa sauti iliyotikisa madirisha. Akasifiwa, akakubali sifa. Mtoto akazaliwa salama, msichana, wakamwita Yusra. Kila asubuhi babake aliufungua mstari ule kwa siri. Aliandika Kasoro, ukarudi Bado. Aliufuta, kesho akaukuta. Alimwendea Bi Shutu mara mbili ili aseme kweli, na mara mbili aliishia kumsalimia na kunywa chai.

Yusra alipotimiza mwaka alikuwa anatambaa tu, hajasimama wala hajasema neno. Ijumaa moja, saa saba, Muhsina alikuwa uani anaanika nguo na Mahir amekaa na bintiye mkekani. Ikaja harufu. Pu, pu, pu, kutoka mlangoni.

"Unanipa?"

Safari hii ulimi haukumwangusha. "Hapana!" Mahir alisema, kwa sauti iliyotikisa madirisha kweli. "Hapana!"

Kiganja hakikusita hata pigo moja. Ndipo alipoelewa kwamba safari hii si yeye aliyeulizwa.

Yusra alikuwa ameinua uso, anatazama juu, mahali ambapo uso wa mwanamke mrefu ungekuwa. Alitabasamu, akanyoosha mikono yake miwili kama mtoto anayetaka kubebwa, na mwili wake ukanyanyuka hewani, nyayo zikauacha mkeka.