Mikono ya Mama Paschal

Haya yalimpata rafiki yangu Leodgar, baba yake Paschal, wa Kahama. Kila Jumamosi yeye na mkewe walikuwa wakienda Kharumwa kula kuku wa kienyeji kwenye mgahawa wa Mama Mbuke. Miezi minne baada ya kumzika mkewe alikwenda peke yake, na uchovu ambao usingizi haukuutoa, amwambie mama yule kwamba mwenzake hatakuja tena.

Aliketi, akapiga hodi kuelekea jikoni. Kabla hajasema neno lake, mvua ilishuka. Madirisha yakafungwa, umeme ukakatika, na mchana ule ndani kukawa giza tupu, bati likinguruma.

"Baba Paschal, mmepotea ninyi! Mmenogewa na hoteli za Mwanza?" Mama Mbuke akaitikia kutoka jikoni, ameitambua sauti.

Mama Mbuke alikuja akipapasa, na jagi na beseni. Akamshika Leodgar kiganja apate kulenga maji, akamnawisha.

"Mama Mbuke," Leodgar alianza, "mke wangu..."

"Subiri nimnawishe na yeye," akasema, akizunguka meza.

Leodgar akasikia maji yakimiminika tena, viganja vikisuguana taratibu, na pete ikigonga ukingo wa beseni.

"Mama Paschal," Mama Mbuke akauliza gizani, "mbona mikono ya baridi hivi?"