Mjapani wa Mzee Ondieki

Siku ya soko pale Daraja Mbili, mjini Kisii, ukisimama ghafla unakanyagwa. Mong'ina alisimama. Alikuwa amevaa sketi ya njano iliyomkaa vizuri kiunoni, na haraka zake zote zilimwisha aliposikia mwanamume akinguruma kutoka kibanda cha filamu: "Kaka mkubwa, nimekosa. Kata kidole changu, lakini mke wangu mwache."

Akachungulia. Kwenye runinga, Mjapani mwenye suti nyeupe alikuwa amepiga magoti mbele ya mkuu wa genge. Kando ya runinga alikaa kijana wa shati la zambarau lililopigwa pasi likanyooka, maikrofoni mdomoni, akimsemea Mjapani kwa Kiswahili cha Kisii.

"Hiyo ni ya zamani?" Mong'ina aliuliza.

"Inatushinda umri sisi wote wawili. Unatafuta filamu, dada, ama unanitafuta mimi?"

"Namtafutia baba yangu."

"Basi nisamehe," kijana akasema, akavua kofia. Jina lake lilikuwa Momanyi.

Mzee Ondieki, babake Mong'ina, alikuwa sajini wa polisi mstaafu. Ujanani, kule kambini, walionyeshwa filamu za Kijapani za polisi na majambazi, akazipenda hadi leo. Lakini presha ya macho ilikuwa imemwachia giza tupu. Mkewe alishafariki. Alikaa kwake Keumbu akisikiliza Kijapani asichokielewa, maana maandishi ya chini hangeweza tena kuyasoma.

Basi kila Jumapili, kwa kuwa Jumamosi ni Sabato, Momanyi alifika Keumbu na flashi yake, akaketi na mzee kochi moja.

"Inspekta amevaa nini?"

"Koti la kijivu, mzee. Kola ameinua."

"Na sigara?"

"Mkono wa kushoto."

"Hapo sawa. Huyo hataki kupiga risasi. Endelea."

Momanyi aliendelea, matusi yote ya majambazi na vituko vya wanawake wa baa, na mzee akacheka mpaka akakohoa. Mong'ina alikuwa hajasikia kicheko hicho tangu wamzike mamake. Akiwa jikoni, mwiko mkononi, ndipo alipompenda Momanyi, na mimi simlaumu hata kidogo.

Siku za kazi Mong'ina alikuwa Nyamira, akiuza katika duka la dawa. Jioni simu ililia.

"Daktari wangu, nina homa."

"Mimi si daktari. Kunywa maji."

"Homa yenyewe ni yako."

"Basi kunywa mengi."

Mwaka ukapita hivyo. Siku moja Mong'ina aliamua kuuliza lililokuwa rohoni. "Momanyi, utaleta watu wenu kwetu lini?"

"Nipe muda kidogo, mpenzi."

"Muda wa nini?"

"Muda tu."

Jumapili iliyofuata hakuja. Ya pili pia hakuja. Akipigiwa simu anasema yuko kazini, atapiga, na hapigi. Wiki ya tatu Mong'ina alichoka.

"Kama umenichoka, sema. Lakini baba yangu amekukosea nini? Kila Jumapili anavaa shati safi anakungoja."

"Mong'ina, nisikilize kwanza."

Hakusikiliza. Alikata simu, akaifunga namba yake isimpate tena. Akalia katikati ya maboksi ya dawa, akapangusa uso, akarudi mbele kuuza dawa ya kikohozi.

Jumapili ya nne, mtu wa bodaboda alileta bahasha ya mzee. Ndani mlikuwa na flashi. Mong'ina akaichomeka bila hamu. Inspekta akatokea kwenye mvua, na sauti ya Momanyi ikajaa sebuleni.

"Anashuka garini, mzee. Najua unataka kuuliza amevaa nini. Koti lile la kijivu, na limelowa."

Mzee akafungua mdomo aulize kuhusu sigara.

"Mkono wa kushoto," sauti ikasema.

Mzee Ondieki akamgeukia binti yake. "Humo kuna filamu ngapi?"

"Thelathini na nane, baba."

"Huyu kijana anataka kukuoa."

"Baba, huyu amenikimbia."

"Keti. Umekaa mjini mpaka umesahau ensoni, heshima ya mkwe? Akishakuwa mkwe wangu hatuketi tena kochi moja. Hatanitania. Matusi ya majambazi na mambo ya baa hawezi kuyatamka mbele yangu, ni mwiko." Mzee akapapasa mkono wa binti yake, akaushika. "Mwezi uliopita aliniomba ruhusa akuchumbie. Nilinyamaza. Nilikuwa nazifikiria filamu zangu, mwanangu. Nimeona haya."

Mong'ina alifungua ile namba, akapiga.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungemlaumu mzee," Momanyi akajibu. Sauti ilikuwa imekauka kwa kurekodi filamu. "Nilitaka nimalize zote kwanza, asibaki na kimya."

"Mjinga wewe."

"Wako."

"Lete watu wenu."

Watu wa Momanyi walikuja Desemba kutoka Nyamarambe. Momanyi, suti ya bluu nzito, aliketi karibu na mlango, mbali na baba mkwe, macho chini, mdomo umefungwa, kama ipasavyo. Wazee walivutana kuhusu ng'ombe mpaka chai ikapoa. Mzee Ondieki alipochoka na ng'ombe, akapapasa rimoti, akabonyeza.

"Kichwa chako kama sufuria, ukithubutu kumgusa mke wangu nitakupasua," runinga ikanguruma.

Sauti hiyo kila mtu aliijua, ni ya Momanyi. Momanyi alitamani ardhi immeze.

Mjomba Angwenyi, kiongozi wa wageni, alijikohoza. "Nani huyo anatukana mbele ya wakwe?"

"Mjapani," mzee akasema, shwari kabisa.

"Mjapani?"

"Ndiyo. Aliniona sioni, akanisomea dunia." Mzee hakuugeuza uso kuelekea mlangoni, maana haingefaa. "Mkipatana naye huko njiani, mwambieni nashukuru."

"Tutamwambia," Angwenyi akajibu, na mlangoni mkwe akainamisha kichwa zaidi, wasimwone akilia.